Mgonjwa akisema "kawaida", endelea kumuuliza

Binti alikaa mbele yangu, viganja vimepauka, mkobani ana vidonge vya kuongeza damu alivyomeza miaka mitatu bila nafuu. Nikamuuliza hedhi yake ikoje. "Ya kawaida tu, daktari." Nikaandika hivyo hivyo. Kisha nikauliza usiku anaamka mara ngapi kubadili pedi. "Mara tatu, nne. Hata mama alikuwa hivyo, na dada zangu."

Tangu siku ile neno "kawaida" siliandiki kwenye faili. Aliyekulia katika familia inayovuja damu hana wa kujilinganisha naye. Uliza vinavyohesabika: hedhi inapita siku 7? Pedi inajaa ndani ya saa moja? Damu ya puani inapita dakika 10? Alipojifungua, aliongezwa damu? Mimi hulipa uzito zaidi swali la kung'oa jino, maana hakuna anayesahau usiku aliokesha akitema damu.

Mahali inapotoka damu pia panasema. Puani, kwenye fizi, hedhi nzito: fikiria upungufu au hitilafu ya chembe sahani (chembe za damu zinazoziba jeraha), au ugonjwa wa von Willebrand, ambamo protini ya kugandisha damu yenye jina hilo ni pungufu au ina kasoro, unaoongoza kati ya magonjwa ya kurithi ya kuvuja damu. Mtoto wa kiume anayeanza kutembea na goti linavimba bila kuumia sana: fikiria hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri, hata kama ukoo hauijui. Karibu theluthi moja ya wagonjwa wake hutoka familia zisizo na historia hiyo.

Vipimo vya binti yule, PT na APTT, vinavyopima muda damu inaochukua kuganda, vilitoka safi, na chembe sahani zilitosha. Wengi wetu huishia hapo na kumwongezea vidonge. Von Willebrand mara nyingi hupita katikati ya vipimo hivyo bila kugundulika. Hata kipimo chake chenyewe kinaweza kudanganya, kwa kuwa protini ya von Willebrand hupanda mtu akiwa na homa, mimba au hofu kubwa. Chake cha kwanza kilikuja mpakani, siku aliyokuwa na homa. Tulirudia wiki sita baadaye, ikaonekana iko chini kabisa.

(Na APTT ikirefuka, kwanza angalia kama chupa ya sampuli yenye sitreti, dawa ya kuzuia damu isigande, ilijazwa hadi alama. Isipojaa, majibu hurefuka yenyewe.)

Siku ya majibu alikuja na mama yake. Mama alisikiliza kimya, kisha akakunja mkono wa gauni lake, akanyoosha mkono.