Nimechaguliwa vyuo vitatu, nithibitishe kipi?

Swali: Shikamoo. Naandika kutoka Pongwe, Tanga. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) na nimechaguliwa vyuo vitatu, vyote kusomea uhasibu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani), Mzumbe ya Morogoro, na chuo kimoja binafsi cha Dar. Ada ya hicho binafsi inakaribia mara mbili ya vile vya serikali, ila wanakubali kulipwa kidogo kidogo. Baba ni fundi mwashi, mama anauza samaki. Mkopo nimeomba, majibu bado. Mjomba anasema aliyepata Mlimani haulizi tena. Mama anataka chuo kilicho karibu na nyumbani. Nithibitishe wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Mimi ni mhasibu, na kila msimu wa udahili hukaa na vijana wa hapa Tanga tukapiga hesabu hizihizi. Kwa hali uliyoieleza, thibitisha Mzumbe, labda uwe na hakika ya mahali pa kulala Dar.

Nianze na la mjomba. Hajakosea kuiheshimu Mlimani, ni chuo kikongwe na walimu wake wanajulikana. Lakini fani uliyoichagua ina mlango wake wa pili. Ili uwe na CPA, yaani sifa ya mhasibu aliyesajiliwa kitaaluma, ni lazima ufaulu mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Aliyetoka Mlimani, Mzumbe, au vyuo vya fedha na uhasibu kama IFM na TIA, wote hufanya karatasi ileile. Ajira za serikali nazo hupitia Sekretarieti ya Ajira: unaomba mtandaoni, unaitwa kwenye usaili wa kuandika, ukivuka unaingia wa mahojiano. Hapo jina la chuo halikuongezei alama hata moja. Kinachokusaidia ni kuelewa somo lako na kuwa na GPA nzuri, yaani wastani wa alama zako za chuo, na GPA haipatikani kwa mwanafunzi anayeshinda akiwaza kodi ya chumba.

Tena Mzumbe si jina dogo. Kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 2001 ilikuwa IDM, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, mahali serikali ilipopeleka watumishi wake kujifunza uongozi na fedha, na ina shahada ya uhasibu na fedha inayolenga sekta ya umma. Angalia kwenye barua yako ya udahili kama ndiyo uliyochaguliwa. Kama unajiona halmashauri au bandarini siku moja, hiyo inakufaa.

La mama ni jepesi. Basi la Dar na la Morogoro hupita njia moja, Muheza, Segera, mpaka Chalinze, ndipo hutengana. Kote ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Tanga mjini. Hakuna chuo kilicho karibu kati ya hivyo vitatu, kwa hiyo umbali usiamue chochote.

Sasa fedha, na hapa nakuomba uchukue kalamu. Wazazi wengi huuliza ada tu. Ada ya chuo cha serikali si ndiyo inayowashinda vijana wetu. Kinachowashinda ni kulala na kula kuanzia muhula wa pili, nguvu za nyumbani zinapokuwa zimeisha. Tuseme umepata mkopo wenye fedha kamili ya chakula na malazi. Kiwango kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23. Kwa muhula wa siku 120 hiyo ni 1,200,000. Ukikosa hosteli Mlimani utatafuta chumba Sinza, Ubungo au Changanyikiwa, na mwenye nyumba atataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Tuchukue mfano wa chumba cha 80,000 kwa mwezi: miezi sita ni 480,000. Zinabaki 720,000, yaani 6,000 kwa siku, na humo mna kula, daladala, bando, kutoa kopi, sabuni. Inawezekana, lakini haina nafasi ya kuugua wala ya boom, yaani hiyo fedha ya mkopo ya kujikimu, kuchelewa. Na kodi hudaiwa siku ya kwanza, wakati boom haijaingia.

Mkopo nao haumfikii kila mtu kwa asilimia mia. Bodi ya Mikopo hupima uwezo wa familia, na wapo wanaopata sehemu tu. Kwa hiyo piga hesabu mara mbili, moja ya mkopo kamili na nyingine ya kukosa kabisa, kisha kaa na baba umwulize kwa heshima ni ipi anayoweza kuibeba kwa miaka mitatu. Si mwaka mmoja, miaka mitatu. Mzumbe hata ukikosa hosteli, chumba cha Changarawe, jirani na chuo, hakifikii bei za Sinza, na darasani unakwenda kwa miguu.

Kwenye hesabu hiyo ongeza vitu vidogo vilivyomo katika maelekezo ya kujiunga. Kwa miaka kadhaa ada ya ubora ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, imekuwa 20,000 kwa mwaka, na bima ya afya ya mwanafunzi 50,400. Kuna pia kitambulisho, fedha ya tahadhari na mchango wa serikali ya wanafunzi. Kipindi cha mafunzo kwa vitendo omba nafasi hapa nyumbani, bandarini, halmashauri ya jiji au mamlaka ya maji, ulale kwenu na hela ya field ibaki mfukoni.

Chuo binafsi ningekiweka pembeni. Kulipa kidogo kidogo hakupunguzi deni, kunaligawanya tu, na vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi kuingia chumba cha mtihani kama hajamaliza awamu yake. Kazi ya ujenzi ina miezi ya ukame, na baba yako anaijua kuliko mimi.

Nikirudi Dar: kama mjomba mwenyewe anakaa Ubungo, Kimara au Mwenge na amesema kwa kinywa chake kwamba utakaa kwake, hesabu inabadilika kabisa, nenda Mlimani kwa moyo mweupe. Kama anakaa Chanika au Mbagala, fikiria foleni ya asubuhi na saa za kurudi usiku, wewe binti peke yako. Mwulize leo, mama akiwepo, msije mkaanza kuelewana vibaya ukiwa tayari umefika na begi.

Ukishaamua, tumia namba ya uthibitisho uliyotumiwa kwenye simu, ingia kwenye akaunti yako ya chuo ulichokichagua na uthibitishe nafasi yako kabla ya tarehe iliyotangazwa na TCU. Usisubiri majibu ya mkopo, mara nyingi hutoka dirisha likiwa limeshafungwa, na asiyethibitisha anaweza kupoteza nafasi zote tatu. Kama uliombewa na kijana wa steshenari, mwombe nywila zako zote, uzibadilishe mwenyewe, na uthibitisho uufanye kwa mkono wako. Kisha piga picha ya ukurasa unaoonyesha umethibitishwa, uitunze pamoja na vyeti.