Rangi za maji zinapogeuka tope juu ya penseli

Swali: Huu ni mwaka wa tatu ninachora kwa penseli kama burudani. Juzi nilipaka rangi za maji juu ya mchoro katika daftari langu la kawaida; karatasi ikajikunja, rangi zikawa kama tope, na mistari ya penseli ikagoma kufutika. Je, niziache rangi hizi nihamie kwenye wino au mkaa?

Jibu: Ndugu msomaji, usiulaumu mkono wako kabla hujaiangalia karatasi. Karatasi nyepesi ya kuchorea kwa penseli hunywa maji papo hapo, nyuzi zake zikavimba na kuinuka, ilhali ile ya rangi za maji hutiwa gundi inayoyachelewesha maji yasizame, ndiyo maana rangi hupata nafasi ya kutandazika. Tafuta yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Iliyo nyepesi zaidi ilowanishe, uibandike kwenye ubao kingo zote nne, na uiache ikauke kabisa ndipo uanze.

Tope lina sababu mbili. Penseli laini, kama 4B, huacha unga mwingi unaochanganyika na maji, na mstari ukishafunikwa na rangi iliyokauka, raba haiufikii tena. Kwa hiyo chora kwa HB, iliyo ngumu zaidi, kwa mkono mwepesi, na ufute ziada mapema. Sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu huharibu kazi nyingi zaidi, ni kurudia kupaka mahali palipokauka nusu. Mng'ao wa maji ukishatoweka, gusa karatasi kwa mgongo wa kidole: ikiwa bado ni ya baridi, ina maji ndani, basi iache.

Nakushauri usihame bado, bali upake kwa rangi moja tu iliyokolea, kahawia au buluu nzito (njano haitakupa kivuli cha kutosha hata uirundike vipi). Kivuli unakijua tayari. Kigeni kwako ni kwamba hapa weupe ni karatasi yenyewe, nao hupangwa tangu mwanzo, kwa kuwa huwezi kuurudisha kwa raba kama ulivyozoea. Anza na tabaka jepesi, ukikumbuka kwamba rangi hupauka kidogo inapokauka.

Wino unaweza kuufuatisha baadaye, mradi uwe usioyeyuka kwa maji na umekauka kabla ya brashi kupita. Mkaa ningeuacha mwisho, kwa sababu unadai karatasi yenye mkwaruzo na mwendo wa bega zima badala ya vidole. Na usiupake juu ya mchoro wa penseli uliokolezwa, kwa maana pale penseli ilipoacha utelezi wenye kung'aa, mkaa haushiki.