Ukitaka kumjua afisa wa torpido, usianzie kwenye nishani

Wanaoniuliza kuhusu nishani za wanamaji wa Uingereza karibu wote hunitumia picha ya nishani tano sita zilizopangwa kwenye mstari, na swali moja: huyu alifanya nini? Huwa nawaambia waziweke pembeni kwanza, watafute kazi yake.

Afisa wa torpido, yaani wa yale makombora yanayopita chini ya maji kulipua meli, hasumbui sana kumpata. Kuna orodha rasmi ya maafisa, Navy List, ambayo Maktaba ya Taifa ya Scotland imeiweka mtandaoni bure kwa miaka ya vita zote mbili kuu. Jina likifuatwa na herufi T kwenye mabano, bwana huyo alisomea torpido, mara nyingi HMS Vernon, chuo cha jeshi la majini kule Portsmouth. (Usihangaike kuitafuta kama meli; tangu 1923 chuo kilikuwa nchi kavu.) Wala usidhani kazi yake ilikuwa kufyatua torpido tu. Hadi miaka ya 1940 tawi hilo ndilo lililoshika umeme wa manowari, na mabomu ya kutegwa baharini pia.

Mfano ninaoupenda ni Luteni Kamanda John Ouvry. Novemba 1939 meli zilikuwa zikilipuka bila kugusa kitu. Waingereza walihisi ni mabomu ya sumaku, yanayolipuka yakihisi chuma cha meli inayopita, ila hawakuwa na hata moja zima mkononi. Usiku wa tarehe 22 ndege ya Wajerumani ikadondosha moja kwa parachuti kwenye matope ya Shoeburyness, mlangoni mwa mto Thames. Kesho yake maji yalipokupwa, Ouvry na msaidizi wake Baldwin wakalifuata wakiwa na zana zisizovutwa na sumaku, zilizochongwa haraka haraka. Wanamaji wenzao wawili, Lewis na Vearncombe, walikaa mbali wakifuatilia kila hatua, ili likiwalipukia wenzao, atakayelifungua linalofuata ajue wamefia wapi. Halikulipuka. Vernon wakalichambua, na njia ya kuzikinga meli ikaimarishwa kwa kuzizungushia nyaya za umeme ili kuua sumaku yake.

Desemba Mfalme George VI alifika Vernon akamvisha Ouvry DSO (Distinguished Service Order), nishani ya maafisa kwa utumishi uliotukuka vitani. Anayeangalia utepe peke yake atadhani aliongoza mapigano. Na anayeshangaa kwa nini hakupewa Msalaba wa George, nishani ya ushujaa usio wa kupambana na adui ana kwa ana, akumbuke kwamba ulianzishwa Septemba 1940.

Kwa mnaonunua: nishani za Waingereza za kushiriki vita ya 1914–18 zimechongwa jina la mhusika, nyingi ukingoni, ile yenye umbo la nyota kwa nyuma. Za 1939–45 zilitolewa bila jina, sawa na walizopata wazee wetu wa KAR (King's African Rifles) waliopigana Burma. DSO nayo haina jina. Kuanzia 1938 huchongwa mwaka tu. Kwa hiyo muuzaji akikuhadithia habari za shujaa wa torpido, mwombe tarehe ya tangazo kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, kisha ulitafute mwenyewe, ni bure. Akianza kuzunguka maneno, lipa bei ya nishani isiyo na mwenyewe.