Maswali na majibu: Toyota 86, rimu ya inchi 7 na tairi la 235

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota 86 GT ya mwaka 2013, gia za mkono, imetoka Japani. Matairi ni 215/45R17 kwenye rimu zake za kiwandani, na sasa yamebaki vipara. Duka la kwanza Kariakoo wameniambia nivae 235/45R17 kwa sababu "yanaingia tu, na gari litashika barabara zaidi". Duka la pili wananishawishi ninunue rimu za inchi 18 zenye 225/40R18. Gari ni la kila siku, Mbezi Beach hadi Posta, na mara mojamoja Morogoro. Nichukue yapi? Na je, rimu za Toyota nyingine zinaingia? — Msomaji, Mbezi Beach.

Jibu: Salama, ndugu yangu. Kwa rimu ulizonazo, baki na 215/45R17. Ukikosa la aina nzuri katika saizi hiyo, chukua 225/45R17. Lile la 235/45R17 liache dukani. Inchi 18 inawezekana, ila si kwa saizi uliyotajiwa, na kwa njia unayopita kila siku nisingekusukuma huko.

Tuanze na hesabu, maana wauzaji wengi huitazama namba ya kwanza tu. Katika 215/45R17, 215 ni upana wa tairi kwa milimita, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ile 45 ndiyo inayowaponza watu: si milimita, ni asilimia ya upana. Ubavu wa tairi lako una urefu wa 215 × 0.45, yaani milimita 96.75. Zidisha mara mbili, jumlisha na rimu (17 × 25.4 = 431.8), unapata kipenyo cha milimita 625.3. Ukiongeza upana na kuiacha 45 ilivyo, ubavu nao unapanda. Kwa hiyo 235/45R17 ina kipenyo cha milimita 643.3, ambacho ni kikubwa kwa asilimia 2.9.

Asilimia 2.9 inaonekana ndogo, lakini ipeleke kwenye gari. Difu (gia za nyuma zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) ya 86 ya mwaka huo ina uwiano wa 4.1, yaani shafti huzunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja. Kwa tairi hilo gari litaenda kana kwamba umeweka difu ya karibu 3.98. Injini ni ya lita 2, haina tabo, na nguvu zake ziko juu kwenye mizunguko mingi. Ukirefusha gia namna hiyo, gari linapoteza ule uchangamfu uliokufanya ulinunue, na tairi lenyewe ni zito zaidi. Spidomita nayo itasoma pungufu kuliko ilivyokuwa ikisoma: mshale ukionyesha 80, mwendo umeongezeka kwa zaidi ya kilomita 2 kwa saa ukilinganisha na zamani. Spidomita za kiwandani huwa zinasoma juu kidogo ya mwendo halisi, na akiba hiyo ndiyo unayoila. Trafiki mwenye tochi hana habari na saizi ya tairi lako.

Kasoro ya pili ya 235/45R17 ni kubwa kuliko hiyo. Rimu yako ina upana wa inchi 7. Viwango vya watengenezaji vinaruhusu 215/45R17 kwenye rimu za inchi 7 hadi 8, 225/45R17 kwenye inchi 7 hadi 8.5, na 235/45R17 kuanzia inchi 7.5 hadi 9. Ukilibana tairi la 235 kwenye inchi 7, mabavu yanafura kwa nje na uso wa tairi unapinda kama mgongo. Litaliwa katikati kabla ya pembeni, na ukikata kona ubavu unalala kwanza ndipo gari ligeuke. Hata upana wenyewe hauupati wote. Upana ulioandikwa hupimwa tairi likiwa kwenye rimu yake ya kipimo, na kila nusu inchi unayopunguza kwenye rimu huondoa takriban milimita 5. Rimu ya kipimo ya 235/45R17 ni inchi 8, kwa hiyo kwenye yako utabaki na kama 225. Umelipia 235, umepata 225 iliyovimba.

Hesabu hiyohiyo inahusu 225/45R17. Rimu yake ya kipimo ni inchi 7.5, hivyo kwako itakuwa karibu 220. Faida ya upana ipo, ila ni nusu ya unayotarajia. Kipenyo chake ni milimita 634.3, juu kwa asilimia 1.4, na hilo gari linalimudu. Kiwanda chenyewe kilitoa 86 za daraja la G zenye 205/55R16, kipenyo milimita 631.9, chini ya bodi hiyohiyo. Hujaenda mbali na walikofika wao. Mtu akikutisha kwamba ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) itachanganyikiwa, mwambie mfumo unalinganisha mwendo wa magurudumu yenyewe kwa yenyewe. Yote manne yakiwa sawa hakuna tatizo. Tatizo linakuja ukichanganya saizi, au ukivaa jipya na kipara kwenye ekseli moja: hapo hata difu ya nyuma, ambayo kwenye GT ni ya Torsen (aina inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure peke yake), inalazimishwa kufanya kazi hata ukiwa kwenye barabara iliyonyooka.

Sasa inchi 18. 225/40R18 ina kipenyo cha milimita 637.2, zaidi kwa asilimia 1.9, na inataka rimu ya inchi 7.5 kwenda juu. Itaingia. Lakini Toyota walipoiwekea GR86, kizazi kilichofuata, rimu za 18 za upana wa inchi 7.5, walichagua 215/40R18. Kipenyo chake ni 629.2, tofauti ya asilimia 0.6 tu na cha kwako. Ukiamua 18, fuata hiyo, na tafuta yenye alama XL (tairi lililoimarishwa kubeba mzigo zaidi) na namba ya mzigo 89, kwa sababu la kwako la sasa ni 87 na si vema kushuka chini yake. Namba 87 inabeba kilo 545 kwa tairi, 89 inabeba 580.

Kwa nini basi sikusukumi huko? Ubavu unashuka kutoka milimita 97 hadi 86. Milimita 11 hizo ndizo zinazopokea shimo usiloliona kwenye dimbwi baada ya mvua, au ncha ya tuta lililojengwa usiku. Ubavu ukikosa nafasi ya kujikunja, rimu inagonga: tairi linaota uvimbe pembeni, maana nyuzi za ndani zimekatika, na rimu inapinda. Tairi lenye uvimbe halizibwi wala halitiwi kiraka, linatupwa. Na rimu ya aluminiamu iliyonyooshwa kwa moto au kuchomelewa usiivae mbele.

Kuhusu rimu za Toyota nyingine, hapa ndipo gari lako linapodanganya watu. Nembo ni ya Toyota, ila limeundwa kwenye kiwanda cha Subaru, na miguu yake ni ya Subaru. Matundu ni matano kwenye duara la milimita 100, tundu la katikati ni milimita 56.1, na nati ni M12 zenye hatua (umbali wa jino hadi jino, kwa milimita) ya 1.25. Rimu za Prius, Wish na Caldina zina matundu 5 kwa 100 pia, lakini katikati ni 54.1, kwa hiyo hazikai kwenye habu (kitovu ambacho rimu hufungwa). Usikubali zisagwe kwa grenda. Kama rimu ni nzuri sana, ipelekwe kwa fundi mashine ikachongwe kwenye lethi hadi 56.1 kamili. Rimu za Mark X na Altezza ni 5 kwa 114.3, achana nazo kabisa. Matundu ya kupanuliwa yamewahi kuacha magurudumu barabarani. Rimu za Impreza na Forester zenye 5 kwa 100 zinaingia bila kuguswa. Rimu za dukani zenye tundu la katikati kubwa, mfano 73.1, zinahitaji ringi za kujaza nafasi, la sivyo usukani utatetemeka ukifika 90 au 100 hata kama balansi imefanywa vizuri.

Nati nazo ni mtego. Toyota karibu zote mjini hapa zinatumia M12 hatua 1.5, na ndizo zilizojaa kwenye kopo la fundi. Nati hiyo ikianza kukaza baada ya mizunguko miwili kwenye stadi (bolti ya habu) yako, simamisha kazi. Akiikaza kwa mashine ya upepo, itapanda kwa nguvu na kula meno, na stadi itabidi ing'olewe.

Ukinunua rimu mpya, angalia pia ofuseti, yaani umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu; huandikwa ET. Yako ni ET48. Mfano, rimu ya 17 kwa 8 yenye ET45: upana umeongezeka inchi moja, yaani milimita 12.7 kila upande. Namba ya ET imeshuka kwa 3, hivyo ukingo wa nje unatoka milimita 15.7 na wa ndani unasogelea shokapu kwa 9.7. Kwenye rimu hiyo 225/45R17 inakaa kwa raha kabisa, na ndiyo mseto ningeupendelea kwa mtu anayetaka mshiko zaidi bila kuhamia 18. Jaribu gurudumu moja la mbele kabla hujalipia yote: geuza usukani hadi mwisho pande zote, na hakikisha kuna angalau milimita 5 kati ya tairi na shokapu. Kama gari limeshushwa kwa springi fupi, jaribu na watu ndani, halafu kagua plastiki za ndani ya fenda kama zina alama za kukwanguliwa.

Saizi ikishapatikana, pesa yako iweke kwenye mpira. 215/45R17 ndiyo saizi ya Prius za rimu 17, kwa hiyo utaletewa kwa urahisi matairi ya kubana mafuta. Yanaingia, lakini siyo unayoyatafuta. Uliza aina kama Michelin Pilot Sport 4 au Bridgestone Potenza za barabarani. Herufi ya mwendo iwe V, W au Y. Hakuna anayetegemea ukimbie 240 Bagamoyo Road, ila herufi hizo zinaeleza pia jinsi tairi linavyostahimili joto, na lami ya Dar saa nane mchana ni moto. Matairi ya namba ya uchakavu 200 (namba ndogo ni dalili ya tairi la kuisha mapema), kama Dunlop Direzza ZIII, yanashika sana pakavu, lakini yanaisha haraka na kwenye maji yaliyotuama ya masika yanaelea mapema, hasa mifereji ikishuka chini ya milimita 3. Kwa gari la kila siku, sishauri.

Jambo moja ambalo watu hawalikagui: ukiuziwa matairi ya mtumba kutoka Japani, soma ubavuni. Likiandikwa STUDLESS, au Blizzak, au iceGUARD, hilo ni la theluji. Mpira wake ni laini makusudi kwa baridi. Kwa joto letu unayumba kama ulimbo na kuisha upesi, hata kama kwa macho lina mifereji mirefu. Soma pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT (msimbo wa utengenezaji ulio ubavuni): 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Lililozidi miaka sita sitaliweka kwenye gari la aina hii, hata kama halijawahi kuvaliwa.

Kama mfuko unaruhusu mawili tu sasa, mapya yaende nyuma. Gari linasukumwa na matairi ya nyuma, na vipara vikibaki huko, kwenye mvua mkia utakutangulia. Yawe saizi ileile na ya mbele.

Upepo: fuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ukikuta 240 kPa, hiyo ni karibu 35 psi. Pima asubuhi kabla ya kuendesha. Ukipima mchana baada ya foleni utakuta psi 3 au 4 zaidi, na hizo usizitoe. Wapo wanaojaza 40 "kwa ajili ya mashimo". Matokeo yake katikati panaliwa na breki zinashika vibaya. Ukivaa XL kwenye rimu zako, ongeza psi 2 hivi.

Siku ya kufunga, mwambie fundi asafishe kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya, aanze nati zote kwa mkono, azikaze kwa mtindo wa nyota, na amalizie kwa spana ya torki kwenye Nm 120. Mashine ya upepo isitumike kumalizia. Zikague tena baada ya kilomita 80 hadi 100. Kisha fanya alaimenti, na udai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Kama matairi yako ya sasa yameliwa zaidi upande wa ndani, mweleze fundi wa alaimenti hilo kabla hajaanza, na usiyatupe hadi ayaone.