Mwenye ufunguo wa ukumbi naye aje mafunzoni

Wiki iliyopita msomaji mmoja, katibu wa kanisa lililo nje kidogo ya Malindi, alituandikia. Barua imetoka juu: kila mhudumu apate mafunzo ya ulinzi wa watoto kabla ya mwisho wa mwaka. Mchungaji anasema hayo alishayasoma chuoni. Walimu wa Sande skuli wako tayari. Ila kuna mzee anayefungua na kufunga ukumbi. Halipwi, hafundishi, haimbi. Naye aende?

Aende. Tena akae kiti cha mbele.

Huyo ndiye anayejua nani hubaki ndani baada ya mazoezi ya kwaya, na nani huomba ufunguo wa stoo siku isiyo ya ibada. Orodha nyingi za mafunzo huharibika hapo mwanzo kabisa kwa sababu huandikwa kwa vyeo: kasisi, katekista, mwalimu, mwenyekiti wa vijana. Andikeni kwa nafasi. Nani ana ufunguo? Nani huwapakia watoto tuktuk kwenda tamasha la kwaya? Nani hulala nao kwenye kambi na mikesha? Nani ana namba zao za simu? Nani huwapa nauli? Mkimaliza mtakuta majina ambayo hayamo kwenye daftari lolote la kanisa: bawabu, mpiga kinanda, kijana wa spika, mama wa jikoni, na yule mgeni kutoka ng'ambo aliyekuja "kujitolea" miezi mitatu.

Saa ngapi, basi? Kwa kila aliye kwenye orodha, saa mbili zinatosha: dalili, mipaka, na apeleke habari kwa nani. Wanaobaki na watoto wanahitaji siku nzima yenye mazoezi ya kuigiza. Mchungaji au padre, wazee wa kanisa na mtu aliyeteuliwa kupokea taarifa wapewe siku mbili, ya pili ikiwa ya sheria na uwekaji wa kumbukumbu. Kanisa la Anglikana la Uingereza hutaka mafunzo yarudiwe kila miaka mitatu. Kwetu miaka mitatu ni mingi, maana walimu wa Sande skuli hubadilika kila kijana anapopata kazi Mombasa. Rudieni kila mwaka, hata kama ni kwa saa mbili, na mtu mpya asikabidhiwe watoto kabla hajafunzwa. Asaidie kupanga viti kwanza.

Kuhusu mchungaji aliyesoma chuoni, tumuulize kwa heshima: alisoma mwaka gani? Sheria ya Watoto tuliyonayo ni ya 2022, nayo iliifuta ile ya 2001. Na kama anadhani kiongozi mkubwa hahitaji darasa hili, atazame yaliyompata Justin Welby, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Waanglikana. Alijiuzulu Novemba 2024 baada ya ripoti kueleza jinsi kesi ya John Smyth ilivyoshughulikiwa vibaya. Smyth alikuwa wakili aliyewapiga na kuwatesa wavulana waliotoka kwenye kambi za Kikristo Uingereza, kisha akahamia Zimbabwe na kuanzisha kambi nyingine huko. Ripoti ilisema Welby angeweza, na alipaswa, kupeleka habari polisi rasmi mwaka 2013. Smyth alifariki 2018 bila kutiwa hatiani. Watu walikuwa wanajua. Walichokosa ni mtu wa kuamka na kwenda kituoni.

Kwa hiyo kipande kikubwa cha siku ya mafunzo kisiwe kusomewa sera. Kiwe zoezi hili: ni Jumapili, saa kumi jioni, watoto wengi wameondoka. Msichana wa miaka kumi anamwambia mwalimu, "Fulani alinifanyia tabia mbaya." Ilikuwa Alhamisi, saa nne usiku. Unafanya nini?

Mwacheni kila mtu ajibu, mtasikia makosa yote kwa mpigo mmoja. Wa kwanza atauliza, "Alikubaka?" Kosa. Umemtilia mtoto neno mdomoni, na wakili wa mshtakiwa atalirudia mahakamani. Uliza swali moja lililo wazi, "Nieleze ilivyokuwa," kisha nyamaza. Wa pili atamwahidi kwamba haya yatabaki kati yao wawili. Kosa jingine, mwambie kweli, kwamba utawaambia wale tu watakaomsaidia. Wa tatu atataka kumpigia simu mtuhumiwa "asikie upande wake." Huyo amempa muda wa kufuta meseji na kupanda basi. Wa nne atapendekeza kikao cha wazee Jumanne.

Sasa hesabuni saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zianzwe ndani ya saa 72, na zinahesabiwa tangu tendo, si tangu mtoto aliposema. Kutoka Alhamisi saa nne usiku, saa 72 zinaisha Jumapili saa nne usiku. Mwalimu aliyesikia saa kumi jioni amebakiwa na saa sita. Jumanne kikao kitakuta mlango umefungwa. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina nafasi hadi saa 120, lakini kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Na hata saa hizo zikiwa zimepita, mtoto apelekwe. Kuna magonjwa mengine ya kutibiwa na majeraha ya kuandikwa.

Hospitali ya serikali kwanza, mtoto akiwa na mzazi au mlezi asiyehusika na shutuma. Asiogeshwe, wala nguo zisifuliwe. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, ule wa kaki wa dukani unafaa. Mfuko wa plastiki kwa joto la Malindi hutoa jasho, na unyevu huharibu ushahidi. Daktari atajaza fomu ya PRC, ile ya hospitali ya huduma baada ya kubakwa. Polisi, kwenye dawati la jinsia, watatoa fomu ya P3, ambayo daktari huandika majeraha kwa ajili ya mahakama, nayo ni bure; anayedai pesa ya fomu aulizwe jina lake. Halafu afisa wa watoto wa kaunti ndogo apewe habari. Namba 116 haina malipo na hupokelewa usiku na mchana.

Usiku huohuo mwalimu aandike. Tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, na maneno ya mtoto kama yalivyotoka. Akisema "tabia mbaya," andika "tabia mbaya," usiandike "ubakaji." Akisema kwa Kigiriama, andika kwa Kigiriama, tafsiri ije baadaye. Weka sahihi, tia kwenye bahasha, kabidhi kwa mpokea taarifa, ifungiwe kabatini. Hakuna picha ya karatasi hiyo kwenye WhatsApp ya wazee, hata iwe "kwa maombi."

Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haina mzaha. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya 15. Na wazee wanaopenda kuyamaliza nyumbani kwa mbuzi na soda waelezwe wazi: familia haina uwezo wa kuifuta kesi. Uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wala asiwepo wa kusema "hakuna shahidi." Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kutia hatiani kwa neno la mtoto peke yake katika makosa haya, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu zake.

Mapadre huuliza kuhusu siri ya kitubio, na ni swali la haki. Siri inabaki siri. Padre anaweza kumwomba mtoto amweleze tena nje ya kiti cha maungamo, na hapo wajibu unaanza. Kwa Wakatoliki, waraka wa Papa Francis wa 2019, uliothibitishwa kuwa wa kudumu 2023, unawataka mapadre na watawa kutoa taarifa kwa askofu. Hilo haliondoi safari ya polisi.

Cheti cha tabia njema kiombwe kwa kila mwenye kukaa na watoto, lakini msikilalie. Mtu ambaye hakuwahi kushtakiwa atakuja na cheti cheupe. Pigeni simu kanisa alikotoka mkaulize swali moja: "Akirudi leo, mtampa watoto?" Kimya cha sekunde tano ni jibu.

Hapa Malindi kuna jambo ambalo vitabu vya mafunzo vya ng'ambo haviliandiki, nalo ni mfadhili. Anakuja na viatu, madaftari na kamera, kisha anataka kumchukua mtoto mmoja wakale chakula hotelini. Jibu ni hapana, hata kama amejenga vyoo. Picha nazo zahitaji ruhusa ya mzazi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwalimu wa mafunzo akiogopa kulisema hili mbele ya kamati ya maendeleo, tafuteni mwingine.

Na dalili zisiishie kwenye ngono. Msitu wa Shakahola hauko mbali nasi, na tangu Aprili 2023 imefukuliwa huko miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa, watoto wakiwa wengi. Mtoto aliyetolewa shule kwa sababu ya imani, aliyenyimwa hospitali, anayefungishwa saumu: hizo ni taarifa za kupelekwa kwa afisa wa watoto, hata mzazi wake akiwa ndiye shemasi.

Karatasi moja ibandikwe kwa ndani ya mlango wa ukumbi, juu ya swichi ya taa. Iwe na 116, namba ya dawati la jinsia, namba ya afisa wa watoto, na jina la mpokea taarifa pamoja na msaidizi wake, mmoja awe mwanamke. Mzee wa ufunguo ndiye ataiona kila jioni akizima taa, basi herufi ziwe kubwa, na zisomeke bila miwani.