Kuhusu shamba la babu yako bondeni

Mwanangu mpenzi,

Sisi wazima, dua zenu zinatufikia. Umeuliza kama tuliandikishe lile eneo la babu yako kule bondeni Rufiji au tuliuze, kwa kuwa "hakuna anayeishi kule tangu 1969." Hayo maneno yako ya mwisho yamenikwama kooni, nianze nayo.

Baada ya mafuriko ya 1968 watu waliamriwa wapande juu, kwenye mchanga, wakae karibu na barabara, shule na zahanati. Vitongoji vya bondeni vikabaki mahame. Havina cheti cha kijiji, havina mwenyekiti, ardhi yake inahesabiwa chini ya vijiji vya jirani. Lakini kulala si kukaa, mwanangu. Huko juu unapata muhogo na korosho. Mpunga na mahindi ya kushibisha nyumba hutoka bondeni.

Msimu wa kwanza baada ya kuhama bado unaniuma. Zamani madungu yalikaribiana, sakafu juu ya nguzo ndefu, moto ukiwaka usiku kucha. Nguruwe akiingia kwa jirani, debe linapigwa, bonde zima linaamka. Nyani wa mchana walikuwa kazi ya watoto. Watu walipopelekwa juu, ulinzi ule ukavunjika. Babu yako akashuka alfajiri moja akakuta mpunga uliokwisha kutoa masuke umelala chini kama mkeka, kote kumechimbuliwa. Unamjua, hakusema neno. Alikata nguzo siku ileile akasimamisha dungu upya, na bibi yako akawa anamshushia chakula mpaka mavuno. Watu hawa unasema hawakuishi kule?

Mtu ataniambia, na maji je? Kweli, 2024 maji yaliwaondolea watu mashamba na nyumba, siwezi kusema bonde halina hatari. Nyumba ya matofali nisingejenga kule. Ila maji hayohayo ndiyo yanayoleta rutuba, hatununui mbolea.

Mpunga unamwagwa na mvua za Desemba, uwe umerefuka kabla mto haujapanda Machi au Aprili. Ukichelewa, maji yanaufunika mche ukiwa mfupi nao unaoza. Maji yakishuka ndipo unakuja mlau: mahindi, kunde, maboga, yote kwa unyevu wa ardhini, bila kungoja mvua. Hapo wengi hukosea. Ukipanda tope likiwa bado linateleza, mbegu inaoza. Ukingoja mpaka nyufa zipanuke, udongo umekuwa jiwe na mzizi haufikii unyevu. Panda linapoanza tu kupasuka juu huku kidole kikizama bado. Na tangu Bwawa la Mwalimu Nyerere, huko juu kwenye mto huuhuu, lianze kujazwa Desemba 2022, usihesabu mwezi, tazama tope.

Sasa hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaweza kuihesabu ardhi kuwa imetelekezwa isipotumiwa kwa miaka isiyopungua mitano, lakini kuipumzisha nako ni kuitumia. Kwa hiyo ile sehemu tunayolima kila mwaka tuna la kusema. Hakimiliki ya kimila inaombwa kwa halmashauri ya kijiji, nayo inapaswa kuamua ndani ya siku 90. Kabla ya kuomba, tembea mipaka na wazee wa mashamba jirani, muonyeshane miembe ya babu yako na makaburi, kisha muandikishane mbele ya mtendaji wa kijiji. Ukitokea ubishi, baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu wanawake, na kazi yao ni kusuluhisha. Usiruke hatua hiyo ukakimbilia wilayani; wazee watakaa kimya, na ushahidi wako wote uko vinywani mwao.

Kuhusu kuuza, jibu ninalo na linaniwasha ulimi. Kulala si kukaa, hilo umelisikia. Lakini dada zako hawajasema neno, na shamba ni lenu wote. Waulize wao kwanza, ndipo unipigie.

Mama yako