Maswali ya Wasomaji: Breki za Trekta Kongwe

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalo trekta aina ya Massey Ferguson 135 nililoachiwa na marehemu baba, ambalo hulitumia kulimia na kuvutia tela la mahindi hapa Karatu. Tangu msimu uliopita, nikikanyaga pedali zote mbili za breki kwa pamoja trekta hukimbilia kushoto, na nikikanyaga ile ya kulia peke yake ni kama sijakanyaga kitu. Fundi mmoja alifungua gurudumu na kuosha breki kwa petroli. Zikashika siku chache, kisha hali ikarudi ileile. Fundi wa pili ananiambia tutoe upepo kwenye breki. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na upepo kwa kuwa hilo ni jepesi. Breki za MF 135, trekta lililoanza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, hufanya kazi kwa vyuma vitupu. Kila pedali ina gurudumu lake la nyuma: ukiikanyaga, fimbo huvuta mkono ulio upande wa ndani wa gurudumu hilo, mkono huo huzungusha kemu (chuma chenye nundu), nayo kemu hutanua viatu viwili vya breki hadi vikabane kwenye kuta za dramu, yaani bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Hamna mafuta ya breki humo, kwa hiyo hamna upepo wa kutoa. Fundi wa pili huenda amezoea magari madogo.

Fundi wa kwanza alikaribia ukweli, ila alitibu dalili akaacha ugonjwa. Trekta linalokimbilia kushoto linakueleza kwamba breki ya kushoto inashika na ya kulia haishiki, na kwa kuwa ilishika baada ya kuoshwa ikaacha tena, karibu hakika lainingi za upande wa kulia, yaani bitana za viatu zinazosugua dramu, zinalowa oili. Oili hiyo hutoka kwenye ekseli ya nyuma, ambayo katika trekta hili huchangia oili moja na giaboksi pamoja na haidroliki, na hupita kwenye sili ya shafti (pete ya kuzuia oili) iliyokwisha hadi kufika ndani ya dramu. Si ajabu kwamba umeathirika upande wa kulia. Unapolima, gurudumu la kulia hutembea ndani ya mfereji wa plau, trekta zima likalalia upande huo kutwa nzima, na oili ikaelemea hukohuko. Mwenye kuongeza oili kupita alama ya juu ya kijiti cha kupimia, akidhani anailinda giaboksi, huzidisha balaa.

Kabla ya kufungua chochote, pitisha kidole sehemu ya chini ya bamba lililo nyuma ya dramu. Ukikuta tope jeusi lenye utelezi, umeshapata jibu. Ukikuta pakavu kabisa, basi tazama kama lainingi zimelika au fimbo ya pedali imelegea.

Kazi yenyewe ifanyike pahali tambarare, magurudumu ya mbele yakiwa yamewekewa vigingi, na ekseli ikiwa imekalia magogo imara au stendi za chuma, kwani jeki ni ya kunyanyulia tu, si ya kumlinda mtu aliye chini. Kama tairi limejazwa maji kwa ajili ya uzito, kumbuka kwamba umebeba zaidi ya kilo 100 za ziada, hivyo gurudumu lisiondolewe na mtu mmoja. Dramu hushikwa na skrubu mbili zenye kichwa kilichozama, ambazo baada ya miaka mingi huwa zimegandamana kwa kutu; zipake mafuta ya kulegezea usiku wa kuamkia kazi, kisha tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, maana bisibisi ya kawaida itakula vichwa vyake. Skrubu zikitoka na dramu ikawa bado inagoma, usiipige. Mara nyingi viatu vimechimba mfuo ndani ya dramu na vimenasa kwenye ukingo wake, kwa hiyo virudishe ndani kwanza kwa kulegeza gurudumu-meno la kurekebishia, nayo itateleza yenyewe.

Vumbi utakalolikuta humo usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwa macho kwamba zilizomo ni mpya. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kitambaa hicho kifungwe kwenye mfuko na kutupwa mbali na watoto.

Sasa tufike penye gharama. Lainingi iliyonyonya oili haioshiki. Petroli huondoa mafuta ya juujuu, lakini yaliyozama hutoka tena breki zinapopata moto, na wale wanaozichoma juu ya mkaa ili kuzikausha huzifanya ngumu zikang'aa kama kioo. Badilisha viatu vya pande zote mbili, hata kama vya kushoto vinaonekana vizima, kwa sababu lainingi mpya na kuukuu hazishiki sawa, na trekta litaendelea kukuvuta upande mmoja. Ukiamua kumpelekea fundi viatu vyako avivalishe lainingi mpya, kagua kazi kabla ya kulipa: vichwa vya ribiti (misumari inayoshikilia lainingi kwenye kiatu) lazima viwe vimezama chini ya uso wa lainingi, la sivyo vitaichana dramu.

Lakini viatu vipya visifungwe kabla ya sili kubadilishwa. Hapa ndipo wengi hukwepa, kwa kuwa shafti inabidi itolewe pamoja na bamba la breki, na beringi huzuiwa na kola, yaani pete ya chuma iliyovalishwa kwa moto, ambayo hukatwa kwa tindo na mpya ikapashwa moto ndipo ivalishwe. Kwa maoni yangu hiyo si kazi ya chini ya mwembe. Ipelekwe karakana yenye mashine ya kukandamizia. Mkumbushe fundi kwamba vibamba vyembamba atakavyovikuta vimepangwa nyuma ya bamba la breki ndivyo vinavyopima mchezo wa shafti, yaani nafasi yake ya kusogea, kwa hiyo virudi vilevile na kwa idadi ileile.

SWALI: Nimebadilisha viatu vya breki vya trekta la aina hiyohiyo, ila sasa dramu ya kushoto inachemka hata nisipokanyaga. Je, nimenunua viatu vibovu? — Msomaji, Njombe.

JIBU: Huenda viatu havina kosa. Nyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, gia ikiwa huru, halafu ingiza bisibisi kwenye tundu la bamba la breki na uzungushe gurudumu-meno hadi gurudumu likwame kabisa. Kisha lirudishe jino kwa jino mpaka gurudumu lizunguke huru bila kukwaruza. Fanya hivyo pande zote mbili kabla ya kugusa fimbo. Fimbo hurekebishwa mwishoni, ili pedali mbili zisimame kimo kimoja na kila moja iwe na mchezo kidogo kabla ya kuanza kuuma. Watu wengi hukaza fimbo kufidia kazi iliyopaswa kufanywa ndani, na hapo kemu hubaki imetanua viatu muda wote. Ikiwa dramu bado inachemka, tazama kama kemu imeganda kwa tope na kutu, au kama springi za kurudishia viatu zimechoka. Kama gurudumu linazunguka huru nusu na kukwaruza nusu, dramu imepinda, na hiyo ni kazi ya mchonga vyuma.

SWALI: Dereva wangu hukanyaga klachi anaposhuka mlima na tela ili kuokoa dizeli. Ninamkataza, naye anasema breki ni nzima. Nani mkweli? — Msomaji, Kitale.

JIBU: Wewe. Breki za trekta hili ziko kwenye magurudumu mawili tu, na tela lililojaa, lisilo na breki zake, linaweza kulizidi trekta uzito. Achague gia ya chini angali juu ya mteremko na aiache injini ishikilie mzigo, kwa sababu akishakanyaga klachi na mwendo ukapanda, breki pekee huenda zisiurudishe. Hakikisha pia kilimi kinachounganisha pedali mbili kimefungwa kila trekta linapotoka shambani. Pedali zimetenganishwa ili kusaidia kugeuza kwenye kona za shamba. Barabarani, akikanyaga moja peke yake katika mwendo, trekta linaweza kupinduka.